Misalaba Saba ya Ndege Isiyopigana

Gisenyi, Jumatatu

Shikamoo Mama,

Goti la kushoto linasemaje? Ulisema likianza kuuma ujue mvua iko njiani. Huku mvua imeshafika, kwa hiyo nadhani na huko Kasulu limeshaanza kelele zake. Usishuke kisimani mwenyewe. Mtume Editha, ana miguu mizuri na sijasikia kwamba ana kazi nyingine zaidi ya kusuka nywele. Na wewe Editha unayemsomea bibi barua hii, usijifanye umeruka mstari huo. Usome tena kwa sauti.

Mimi ni mzima, nakula, nalala. Ningepiga simu, ila wewe na simu nawajua. Utaniuliza kama nimekula, nitasema nimekula, utaniuliza tena, na salio litakuwa limekwisha. Habari hii ni ndefu na sehemu yake inaniaibisha, kwa hiyo nimeona bora niiandike.

Kwanza nina ombi. Dereva wa Fuso aliyeniletea ule unga wako wa muhogo (ahsante, umeshakwisha) aliniambia kwamba pale sokoni unawatangazia watu kuwa mwanao Gervas anaunda ndege za vita Rwanda. Hata katekista umemwambia. Mama, naomba uache. Mimi ni fundi bodi. Nanyoosha malori yaliyogonga migomba. Hiyo ndege ipo, siwezi kukataa, lakini ukisikia habari zake utatamani ungewaambia watu kwamba nauza karanga. Na ile gereji yangu mwenyewe niliyokuahidi, ambayo najua umeiombea rozari hata ukachakaza shanga, nayo imepotea kwa ajili ya ndege hiyohiyo. Nitakueleza jinsi ilivyopotea, kisha utaamua kama mwanao ni mjinga au la.

Ilianza pale Mahoko, kwenye gereji ya watu ninakofanya kazi. Alikuja bwana mmoja kavaa miwani ya jua na kofia juu ya miwani. Tunamwita Patron, yaani bosi. Alikulia Uganda, akarudi huku na wenzake waliorudi, akajenga nyumba ya wageni kando ya barabara ya kwenda Rubona, vyumba saba, bustani ikiteremka mpaka ziwani. Mkononi alikuwa na kitabu kikubwa cha picha kilichosahauliwa chumbani na mgeni Mbelgiji. Akakifungua katikati, akanionyesha ndege ndogo ya zamani yenye pua ndefu na kiti kimoja, akauliza kama naweza kuunda moja ya bati, kubwa kama yenyewe, isimame bustanini wageni wapige picha.

Nikamuuliza kwa nini hiyo, maana kitabu kilikuwa na ndege nyingi, na nyingine nzuri zaidi. Akanitazama kama vile nimeuliza kwa nini Papa ni Mkatoliki. Akasema babu yake alimsimulia jinsi Wabelgiji walivyowafukuza Wadachi, hawa Wajerumani, hapahapa Gisenyi, wakipigana nchi kavu na ziwani. Na ndege hii ni ya Wabelgiji, rangi zao hizi hapa ubavuni, nyeusi, manjano na nyekundu. Basi ndiyo iliyowafukuza.

Mama, hata mimi niliyeishia darasa la saba najua kulikuwa na vita mbili. Babu yake alisimulia ile ya kwanza. Ndege hii waliiunda karibu na ile ya pili, wakati Wadachi walikuwa wameshaondoka Gisenyi miaka ishirini na ushee nyuma. Lakini Patron hasomi Kifaransa, na kitabu chote ni Kifaransa. Alichukua picha, akachukua hadithi ya babu, akazichomelea pamoja, kazi ya ovyo kuliko chochote nilichowahi kuona Mahoko. Nami nilikuwa nimeshaanza kupima urefu wa bawa kwa macho.

Niliiunda kwa wiki tisa. Mbavu za nondo, ngozi ya mabati niliyokata kwenye mapipa, pua nimeigonga kwa nyundo ya mpira juu ya mfuko wa mchanga mpaka ikapinda kama ilivyo pichani. Puti, ule udongo wa kuzibia mabonde ya bati, kidogo sana. Unajua namna ninavyodharau fundi anayeficha nyundo yake chini ya puti. Ilipopigwa msasa na rangi, bodi ilikuwa safi, na kama ni hilo tu ungekuwa unatangaza sokoni nisingekukataza.

Siku ya mwisho ya rangi Patron akaja na wazo. Alikuwa ameona kwenye sinema kwamba rubani akiangusha ndege ya adui huchora alama chini ya dirisha lake. Akasema, "Okay, fundi, weka misalaba. Ya Wadachi. Weka saba." Nikamuuliza hiyo saba ameipata wapi. Akasema ana vyumba saba, kila chumba kitakuwa na Mdachi wake, na mgeni akilala chumba cha tatu ataonyeshwa wa tatu. Nikakata kiolezo cha karatasi, nikapaka misalaba saba myeusi, imenyooka kwenye mstari. Nilirudi nyuma hatua tatu nikaitazama, nikajisifu.

Kumbuka hapo, Mama. Mkono ulikuwa wangu.

Siku iliyofuata alikuja Papa Déo kuandika kibao cha ndege. Huyu ni mzee wa Goma, alikuwa mwalimu wa jiografia, sasa anavuka mpaka kila asubuhi na brashi zake kwenye mfuko wa plastiki, anaandika majina ya maduka na maboti. Kiswahili changu anakiita cha kitabu cha sala, nami chake nakiita cha barabarani, tunaelewana vizuri sana. Patron alimpa karatasi yenye maneno ya kuandika. Papa Déo akaisoma, akaiweka chini, akaomba kile kitabu. Akakaa juu ya pipa na kusoma ukurasa mzima kimya, kisha akanitafsiria.

Sasa sikiliza habari za huyo shujaa. Wabelgiji, nchi yao ndogo, waliona vita inakuja wakataka ndege ya kivita ya kwao wenyewe. Mhandisi wao akaunda moja, wakaiita R.36. Wakati mataifa mengine bado yalikuwa na ndege za kitambaa na mbao, hii ilikuwa ya chuma mwili mzima. Wakubwa wakapiga makofi, serikali ikasema itaagiza nyingi. Bado wanapiga makofi, siku moja rubani, mtoto wa ukoo wa kitajiri, akapanda nayo, ikashuka na pua mpaka ardhini, akafa. Hakuna anayejua hakika ni kwa nini. Wengine wanasema mtambo wa redio ulichomoka mahali pake, ukabana mitambo ya kuongozea. Serikali ikaingiwa baridi, ikaghairi, ikanunua ndege za Waingereza.

Na hayo si yote. Mhandisi aliunda nyingine za ukoo uleule. Moja ilikuwa haijawahi hata kuruka Wadachi walipoingia nchini. Waliikuta imekaa safi, wakairusha wao wenyewe. Nyingine ilikimbizwa mpaka Ufaransa ikapotelea huko. Na nchi yenyewe ilisalimu amri ndani ya siku kumi na nane. Ndege za ukoo huo hazikumpiga risasi hata kunguru. Na hao Wabelgiji ndio waliokuwa wakimchapa babu yako viboko, walipotawala huko kwetu, kwa sababu barabara ina nyasi.

Nilicheka, Mama. Nilicheka mpaka nikakaa chini, nikasema mimi nimefukuza vibarua Mahoko kwa kuacha bolti moja bila kukazwa, na wale mabwana wakubwa wameshindwa kufunga redio. Nikasema tajiri wa watu alipanda debe lake, debe likamrudisha chini. Papa Déo hakucheka. Alikuwa anafuta miwani yake kwa shati.

"We unacheka, fundi," akasema, "lakini mutu alikufa mule. Alikuwa na mama."

Nilimwona mzee analia machozi ya bure. Nikaenda kwa Patron na kitabu, nikidhani atashtuka na kunishukuru. Wapi. Alinisikiliza huku akimwagilia maua, akauliza ni nani huku atasoma Kifaransa. Watu wanataka hadithi, akasema, historia hainywi bia. Kisha akanionyesha lile banda la matofali nyuma ya nyumba, linalotazama barabara, lenye mlango mpana wa kuingiza lori. Akasema Jumamosi baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, mkutano utakuwa bustanini kwake, atafunua ndege mbele ya watu, nami kama fundi niliyeiunda nitasimama niseme ilipigana hapa. Nikisema hivyo, Jumatatu banda ni langu, niweke gereji na jina langu juu ya mlango.

Banda lina sakafu ya saruji, Mama. Lina shimo la kusimama chini ya gari. Nilikwenda kulipima mara mbili.

Nikasema ndiyo. Nakuambia waziwazi ili usije ukasikia kwa dereva wa Fuso. Nilisema ndiyo haraka, na njiani kurudi nilikuwa nafikiria rangi ya kibao cha gereji.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi huku kila mtu hutoka kwa kazi ya pamoja, tajiri na maskini, na jembe lake. Tulizibua mtaro wa barabara uliojaa udongo wa mvua. Patron naye alishika koleo, akapigwa picha nalo, akalirudisha. Kazi ilipokwisha tukaingia bustanini, watu wakakaa kwenye nyasi na viatu vya matope, kiongozi wa mtaa akasema ya usafi na ya bima ya afya, kisha akampa Patron nafasi. Patron akavuta turubai. Watu walipiga makofi, na siwezi kukuficha, moyo wangu uliruka. Iling'aa. Akasimulia Wadachi, ziwa, babu yake, akahesabu misalaba kwa kidole mmoja baada ya mwingine mpaka saba.

Ndipo akasimama Kandida. Huyu ni mama mjane, umri wake kama wako, ndiye aliyekuwa akitupikia sambaza, hawa dagaa wa ziwa la huku, na ugali wiki zote tisa, na akikuona hujamaliza sahani anakuuliza umeugua nini. Aliacha jembe lake kwenye nyasi, akaenda mpaka kwenye ndege, akaweka kidole juu ya msalaba wa kwanza.

"Hii misalaba iko ya banani?" akauliza, yaani ya akina nani.

Patron akamwambia ni Wadachi, mama, maadui. Akauliza kama wana majina. Watu wakaanza kucheka kidogo, wakadhani bibi anachekesha mkutano. Hakuwa anachekesha. Akageuka akawaambia wote, kwa Kinyarwanda hiki ambacho mimi nakisikia kwa sababu ya Kiha chetu, kwamba wakati wa ile vita ya pili kulikuwa na njaa kubwa huku, iliyoitwa Ruzagayura, na chakula kidogo kilichokuwepo kilikuwa kinavushwa kupelekwa Kongo kwenye migodi. Mama yake alizika watoto wawili kabla yeye hajazaliwa. Hakuna aliyewawekea hata kijiti. Ila mama yake alikuwa anayataja majina yao kila siku akiwasha moto, mpaka na yeye akayajua kama ya watu aliokula nao. Kwa hiyo, akasema, kama hawa saba wamewekewa misalaba mizuri namna hii, lazima majina yao yanajulikana, na yeye angependa kuyasikia.

Patron akacheka kicheko cha meno. Akasema muulizeni fundi, fundi anajua yote.

Mama, nilisimama. Nililiona lile banda juu ya bega la Patron, mlango wake umeachwa wazi makusudi. Nilikuwa na maneno tayari, nilikuwa nimeyarudiarudia huku nazibua mtaro. Lakini Kandida alikuwa bado ameweka kidole pale pale, anangoja, kama wewe unavyongoja mwisho wa misa ukiwa umemshikisha Editha kalamu na karatasi ya marehemu wa jumuiya, na ole wake atakayekutajia jina nusu.

"Hawana majina," nikamwambia. "Ni ya uongo yote, na niliipaka mimi. Ndege hii haikupigana popote. Iliua mtu mmoja tu, rubani wake."

Basi bustani ililipuka. Walicheka watu wa umuganda, walicheka mpaka wengine wakashika majembe yao wasianguke. Ndege ya vita iliyoua mwenye nyumba tu. Mmoja akamuuliza Patron kama vyumba navyo vinaua wageni. Patron akaingia ndani bila kumtazama mtu, na kwa mara ya kwanza nilimwona bila miwani. Nami nilianza kuvimba kichwa kidogo, nikajiona mkweli, mtu wa maana.

Kandida peke yake hakucheka. Alitazama misalaba, akatafuta chini ya dirisha, akazunguka upande wa pili, akarudi kwangu.

"Na ule mumoja," akasema, "ulimupakia wapi?"

Sikuwa nimempaka popote. Nilipaka watu saba ambao hawakufa, nikamwacha mmoja aliyekufa. Tena nilimcheka. Wiki zote hizi nimewadharau watu, Mama: Patron kwa kuchomelea vita mbili, Wabelgiji kwa redio yao, wewe kwa kelele zako sokoni. Na mtu niliyepaswa kumdharau kuliko wote alikuwa ameshika brashi yangu. Nilichukua msasa nikaifuta misalaba yote saba pale pale, watu wakitazama, mpaka bati likaonekana. Kisha nikaingia ndani ya ndege, mahali pa kukaa, nikapaka msalaba mmoja mweupe, mdogo, mbele ya kiti, ambapo angeuona rubani tu.

Jumatatu iliyofuata nilikuta banda limefungwa kwa kufuli jipya. Nilibeba nyundo zangu nikarudi Mahoko, na ndipo nilipo, chini ya paa la mtu mwingine, malori yaleyale, migomba ileile. Na ili usije ukadhani Patron amejifunza, Papa Déo ananiambia watu wanamiminika kuiona ndege isiyopigana, wanakunywa, wanapiga picha, na Patron anawasimulia habari nzima ya R.36 kwa sauti ya mtu aliyekuwepo. Anasema ndivyo alivyotaka tangu mwanzo. Anasema fundi alikuwa mjinga, alitaka kuchora misalaba ya uongo, akamzuia. Nilipoisikia nilitema mate. Lakini katika uongo wake wote, huo una kipande cha kweli, na hicho ndicho kinachoniuma.

Kuhusu gereji, nisamehe. Najua ulivyoitaka. Usiache kuiombea, ila usiniombee ile yenye shimo.

Nisalimie mjomba Bonifasi, mwambie randa yake ninayo na sijaivunja. Shangazi Vero anayeuza dagaa, nimekumbuka kanga yake. Dada Pasiensia na shemeji, na mtoto wao mpya ambaye hakuna aliyenitajia jina, mnitajie. Baba mdogo pale Heru Juu, kama bado hasemi na wewe kwa sababu ya ule mbuzi, msalimie kupitia mtu mwingine. Editha, ukisoma vizuri mpaka hapa nitakuletea viatu.

Sasa lililobaki. Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, imekaribia, na najua umeshaanza kukusanya majina ya marehemu wa jumuiya. Nakuomba uongeze matatu. Mawili amenipa Kandida kwa mdomo wake: Bizimana na Nyirabukara, watoto wa mama mmoja, wa Gisenyi. La tatu Papa Déo amelinakili kutoka kitabuni kwenye kikaratasi nilichokunjia ndani ya barua hii. Lina herufi nyingi ambazo hazitamkwi, Editha asihangaike kulisoma, aliandike tu kama lilivyo. Lilikuwa jina la yule rubani, mtu tajiri wa Ubelgiji ambaye hakutujua wala asingetusalimia.

Najua katekista atakuuliza huyo ni ndugu yetu wa upande gani. Usimwambie habari za ndege, Mama. Mwambie mwanao alipewa kazi ya kuhesabu waliokufa, akamruka huyu.

Mwanao,
Gervas, fundi bodi